Njoo na Kosa Lako

Danieli aliponipigia simu kunialika kwenye darasa la kumkumbuka mama yake, hakuniambia nilete chakula wala maua. Aliniambia, "Wakesho, njoo na kosa lako." Nilikuwa jikoni kwangu Hallonbergen, mwiko mkononi, maharagwe yanatokota, nikacheka peke yangu mpaka mjukuu wangu akaja mbio kutazama kilichonipata. "Mormor, vad är det?" akauliza kuna nini, maana huyu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, bibi ni mormor na hakuna kesi. Nikamwambia bibi amekumbuka ujana. Mama yake Danieli, Mirjam, alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, mtu aliyekula chumvi hasa, na kwa Wayahudi mwezi ukitimia baada ya maziko wengi hukutana wakasoma Torati kwa ajili ya marehemu. Sisi tungechanga, tukapika, tukaimba. Wao hufungua vitabu wakaanza kubishana, na marehemu wangu huyo angetaka wabishane kwa sauti.

Kosa lenyewe nitalifikia. Habari za nyumbani kwetu Taita, za baba yangu na safari iliyonileta Uswidi, nimekwisha kuzieleza mahali pengine na sina haja ya kuzirudia. Ninachotaka kueleza hapa ni mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwa Mirjam, kwa kuwa nikijiuliza ni nani aliyenifundisha kufikiri, jibu si chuo kikuu kilichonipa shahada ya uhandisi wala ofisi ya Kista iliyonilipa mshahara miaka yote hii. Ni meza ya jikoni yenye kitambaa cha plastiki kilichochorwa malimau. Ilikuwa na viti viwili vilivyotazamana, na kigoda kimoja pembeni ambacho baadaye kikawa changu.

Nilihamia Novemba. Mirjam alikuwa mjane, mfamasia mstaafu, na alipangisha chumba kilicho nyuma ya jikoni katika fleti yake ya Södermalm kwa sababu macho yalikuwa yanamwacha. Aliona pembeni vizuri, ila katikati ya kila kitu alichokitazama palikuwa na doa. Akitaka kuniona usoni alilazimika kunitazama sikio. Chumba kilikuwa chembamba, mlango ukifunguliwa unagusa mguu wa kitanda, na kipasha joto chini ya dirisha kiligongagonga kama fundi mvivu. Vitabu vilijaa kila mahali, hata juu ya jokofu, na ukiangusha kimoja alikuamuru ukiokote na kukibusu kwanza. Waswidi huitana majina matupu, mtoto na mwalimu, mgonjwa na daktari, lakini ulimi wangu ulikataa katakata kumwita mtu mwenye umri wa bibi yangu "Mirjam" hivihivi. Nikamwita Mama Mirjam. Alinitazama sikio, akasema, "Mimi nimezaa Danieli tu, lakini haya."

Alhamisi ya kwanza nilirudi kutoka chuoni nikajifungia chumbani kusoma, na ghafla nikasikia ugomvi jikoni. Sauti mbili za wanawake. "Huwezi kusema hivyo!" "Nimekwisha kusema!" "Basi nionyeshe ni wapi!" Kisha kofi zito mezani na vijiko vikaruka. Kiswidi changu kilikuwa kichanga bado, lakini ugomvi hauhitaji kamusi. Nilikaa nikivumilia mpaka nikasikia, "Miaka yote hii na bado husikii!" nikaona sasa watu wazima watashikana mashati. Nikatoka, nikasimama mlangoni, nikaunganisha viganja vyangu, nikasema kwa Kiswidi cha kuungaunga, "Mama zangu, tafadhali, yaishe."

Walinigeukia wote wawili. Yule mgeni, mwembamba, nywele fupi nyeupe, kalamu sikioni, alikuwa Rut, jirani wa ng'ambo ya uwanja wa jengo, mwalimu mstaafu wa Kiswidi. Walitazamana, wakaangua kicheko. "Hatugombani, binti," Rut alisema. "Tunasoma." Walikuwa wakibishana ni kwa nini Yakobo alilia alipombusu Raheli kisimani. Mirjam alisema alilia kwa furaha. Rut alisema hakuna mtu wa namna ya Yakobo anayelia kwa furaha, alilia kwa kuwa amefika mikono mitupu. Walikuwa wamelibishania jambo hilo kila mwaka fungu hilo liliposomwa, tangu wakiwa wasichana.

Jioni ile, mbele ya supu ya Alhamisi, Mirjam alinieleza. Waswidi hula supu ya njegere za manjano kila Alhamisi, na chapati za maji zenye jemu baadaye. Wenyewe huitia nyama ya nguruwe. Yake haikuwa na nyama yoyote, kwa sababu chapati zilikuwa za maziwa, na nyama na maziwa kwake havikukutana mezani. Alisema Torati imegawanywa mafungu ya kusomwa juma kwa juma mwaka mzima, kisha inaanzwa upya, na Wayahudi wote duniani huwa kwenye fungu moja. Alisema pia kwamba haisomwi na mtu mmoja. Wanakaa wawili, mmoja anasoma, mwingine anapinga, kisha wanabadilishana. Mwenzako wa kusoma anaitwa kwa jina linalotokana na neno urafiki. "Sinagogi likifungwa tutahuzunika," alisema. "Lakini wakibaki wawili wanaobishana juu ya kitabu, jumuiya ipo. Akibaki mmoja, kuna mtu tu anayejua kusoma." Nyumba yao ya kusomea wanaiita bet midrash, na nilipolisikia neno hilo nikasikia darasa letu limejificha ndani yake, nikafurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu kituoni.

Tangu hapo nikawa ninaacha mlango wa chumba wazi siku za Alhamisi. Nilidai ni kwa ajili ya joto. Rut alinigundua mapema, na wakipumzika alinivuta nizungumze, apate kunisahihisha. Tatizo langu kubwa lilikuwa han na hon. Kwa Kiswidi mwanamume ni han na mwanamke ni hon, na ole wako uchanganye. Sisi tunasema "yeye", tunasema "akaja", "akaondoka", na mtu akitaka kujua ni mwanamume au mwanamke ataulizia. Basi nilimwita mtu wa posta mwenye ndevu hon, nikamwita malkia han, na siku moja nikamsifu marehemu mume wa Mirjam kwa picha yake ya ukutani, hon alikuwa mzuri sana. Rut hakuinua hata macho kitabuni. "Han, Wakesho. Han." Nililisikia hilo neno kutoka kwake mara nyingi kuliko jina langu.

Februari Rut akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilala na maneno yote yakamtoka. Akapelekwa nyumba ya kulelea wazee kusini mwa mji, na kiti chake kikabaki kinatazamana na cha Mirjam. Alhamisi iliyofuata supu haikupikwa, wala ile iliyofuata. Mirjam alijua sehemu kubwa ya Torati kwa Kiebrania kwa moyo, ila hakuweza tena kusoma ukurasa, na Rut ndiye aliyekuwa macho yake. Mwishowe akabisha mlango wangu. "Unaweza kusoma Kiswidi kwa sauti?" Nikamwambia nitajaribu, Mama. Nikakaa kwenye kigoda, kwa kuwa kile kiti sikuthubutu.

Nilisoma vibaya, lakini hilo hakulijali. Kilichomuudhi ni mengine. Akisema, "Naona Musa alikosea hapa," mimi nasema, "Ndiyo, Mama." Akigeuka akasema, "Hapana, naona alifanya sawa," mimi nasema, "Ni kweli, Mama." Aliniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikamjibu, "Naona kama ulivyosema." Alikunja ngumi juu ya kitabu na uso ukamwiva. "Usinikubalie!" alisema. "Ukinikubalia, unaniacha peke yangu." Niliumia sana. Mimi nilikuwa natoa heshima yangu yote, heshima niliyofunzwa kwa maneno na kwa fimbo, kwamba mtu mzima akisema unaitikia na ukiwa na lako unalimeza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, sawa, lakini mimi mama alinifunza! Sasa ulimwengu ulikuwa unanifunza kinyume. Jumapili kanisani nikamlalamikia Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. "Aké!" akasema. "Kubishana na mukubwa? Iko vibaya, mutoto. Lakini kama ni ye mwenyewe anaomba, utafanya nini? Umupe."

Kilichonifungua mdomo mwishowe ni Alhamisi yenyewe. Mirjam aliniuliza siku moja tunaiitaje kwetu. Nilipotamka, alipiga meza. "Hamishi! Kwa Kiebrania hiyo ni siku ya tano. Na jana yake?" Nikasema Jumatano. "Tano maana yake nini?" Nikasema tano ni tano. Akaniuliza, "Kwa hiyo juma lenu lina tano mbili, moja nyuma ya nyingine?" Mimi nimezaliwa na lugha hii, nimeota kwa lugha hii, na sikuwahi kuliona. Nikasema, "Ndivyo ilivyo." "Hilo si jibu," alisema. "Hiyo ni njia ya kwenda kulala." Basi nikahangaika na hizo tano mbili juma zima. Nikahesabu kwa vidole ndani ya treni: Jumamosi ya mosi, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano, sawa. Alhamisi nayo inatoka kwa Waarabu, na wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Watu wawili wamehesabu kutoka milango miwili na sisi tumechukua hesabu zote mbili. Mama Furaha nilipomweleza alinishangaa. "Kwetu jeudi, hiyo Alhamisi yenu, ni siku ya ine. Tunaanza lundi, Jumatatu yenu, siku ya kwanza. Nyie mulitoa wapi tano?" Nilirudi kwa Mirjam na tano mbili na nne moja, na furaha aliyokuwa nayo sijaisahau. "Mnaanza na siku tunayomalizia sisi, Sabato," alisema, akarudia mara mbili. Kisha akasema, "Unaona? Umeuliza, na hakuna aliyekufa."

Katika miezi hiyo tulikuwa tukienda kumtembelea Rut. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, mkono wa kulia umelazwa juu yake kama kitu alichoshikishwa. Mirjam alimweleza fungu la juma, akauliza swali, akangoja. Alingoja muda mrefu mpaka mimi nikaona aibu, nikaanza kutazama viatu. Rut alimwangalia tu, au aliangalia dirisha, hatukuweza kujua. Eva, binti yake, alikuwa mtu mpole na alituonea huruma. Mwisho wa kiangazi alitutoa barazani akasema taratibu, "Mirjam, nadhani haelewi tena. Unajichosha. Njoo umshike mkono tu, inatosha." Mirjam alinishika mkono tukaondoka. Ndani ya basi aliniambia, "Wamekwisha kumzika, na yeye bado yuko hai." Nikaelewa kwamba kumshika Rut mkono tu ndicho kitu ambacho hangeweza kufanya. Kumuuliza maswali ndiyo ilikuwa njia yake ya kumwambia wewe bado ni mtu.

Vuli ikaja na sikukuu yao ya kumaliza Torati, ambapo gombo husomwa mpaka neno la mwisho na palepale huanzwa tena neno la kwanza, watu wakicheza nalo mikononi. Mirjam alikwenda, akarudi mapema. Alivua koti, akakaa kitini mwake. "Nimemaliza," alisema. "Sianzi tena." Nilimwambia mimi nipo. Akanishukuru vizuri mno, kwa adabu, na adabu ile ilinitisha kuliko makelele yake yote. Alhamisi hiyo hakuna kitabu kilichofunguliwa. Akaanza kulala mchana. Danieli alikuja, akasema mama amezeeka ghafla. Nimewahi kuona watu wakiacha kula, na nimeona watu wakiacha kusali. Yule nilimwona akiacha kuuliza, na nilijua nikimwachia hivyo hatamaliza kipupwe.

Basi nikapika supu mimi. Niliitia dania na pilipili kidogo, Mungu anisamehe. Nilipoiweka mezani nikaleta Biblia yangu ya Kiswahili kutoka chini ya mashati, nikavuta pumzi, nikakaa kwenye kiti cha Rut. Mirjam alisikia mlio wa kile kiti akainua kichwa. "Leo ni Alhamisi," nikasema, "na fungu ni la Sara. Nasoma kwa Kiswahili, kisha natafsiri. Ukitaka kulala, lala." Nikamsomea jinsi wageni walivyokuja hemani, jinsi Sara alivyosikia nyuma ya mlango kwamba atazaa katika uzee, akacheka moyoni. Akaulizwa kwa nini amecheka, akakana kwa woga kwamba hakucheka. Nikafika pale: akasema hapana, umecheka. Nikasita. "Hapa ni pazuri," nikasema. "Sara anaogopa, anadanganya, halafu anajikanya mwenyewe. Anajiambia, hapana, umecheka wewe."

"Nani kasema?" Mirjam akauliza.

"Sara."

"Haiwezekani! Ni Mungu. Wengine watakuambia ni Abrahamu. Sara hajawahi kuwemo."

"Kwa nini asiwemo?" Lilinitoka kabla sijalimeza. "Imeandikwa akasema. Aliyekuwa akizungumza ni Sara. Akakana, akasema sikucheka, akasema hapana, umecheka. Ni mtu huyohuyo."

"Kwa Kiebrania ni vayomer! Ni mwanamume anayesema, hakuna ubishi!"

"Kwa Kiswahili halisemi mwanamume."

"Kiswahili hakikuwapo pale!"

"Na Kiswidi kilikuwapo?"

Mirjam akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akicheka anapiga meza, machozi yanatiririka mpaka akavua miwani. "Ni kosa," alisema. "Ni kosa kabisa, halina hata mguu wa kusimamia. Na ni zuri. Ndani ya lugha yako kuna Sara ambaye anajiambia ukweli mwenyewe." Akasimama, supu ikiwa bado nusu bakuli. "Lete koti langu. Rut hawezi kulikosa hili."

Eva alikuwapo tulipofika, anachana nywele za mama yake. Mirjam hakusalimia. Alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamweleza Rut habari nzima, hema, wageni, kicheko. "Na huyu binti," akasema, akinyoosha kidole upande ambao nilikuwa sipo, "anasema aliyesema hapana, umecheka, ni Sara mwenyewe." Akangoja. Rut alitazama dirisha. Ndipo Mirjam akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake kwa muda wote niliomjua. "Nami nimemkubalia."

Rut akageuza kichwa. Taya lilianza kumtetemeka, upande mmoja wa mdomo ukapanda, ukashuka, ukapanda. Eva alishika chanuo hewani. Ilikuwa kama kumwona mtu akisukuma kabati zito peke yake, nami nikatamani nimsaidie na sikujua nishike wapi.

"Nej," akasema Rut. Hapana.

Na hakuwa amemaliza. Alinitafuta mimi kwa macho, akanipata pale mlangoni, na macho yale yalikuwa ya mwalimu mtupu.

"Han," akaniambia.

Eva alipiga magoti akamkumbatia mama yake miguu. Mimi nililia wazi, sioni haya kusema, nililia kama mtoto, kwa kuwa mtu alikuwa ametoka mahali alipotoka ili kunisahihisha Kiswidi changu. Mirjam hakulia. Aliegemea mbele, akamshika Rut ule mkono uliolala, na akauliza lile swali lao la tangu usichana, kwa sauti ileile ya ugomvi niliyoisikia siku ya kwanza nyuma ya ukuta.

"Varför?" Kwa nini?

Rut hakupata tena maneno mengi. Nej alikuwa nayo, na han, na machache mengine yaliyokuja na kwenda, na alhamdulilahi, kama wasemavyo jamaa zangu wa pwani, kwa kusoma nej inatosha. Juma lileile Mirjam alianza Torati tangu mwanzo, tukayakimbiza mafungu tuliyoyaacha. Nilihama mwaka ule ulipokwisha, lakini Alhamisi nilirudi, mpaka Rut alipofariki, na baada ya hapo niliketi kwenye kile kiti bila kuombwa. Sikuwa Myahudi na Mirjam hakunitaka niwe. Alinitaka niwe mtu wa kumpinga, na sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo. Kila nilipokataa kazini jambo ambalo wote wamelikubali, na kila binti yangu aliponibishia nami nikajizuia kumkaripia, nilimshukuru kimoyomoyo.

Kwa hiyo nikaenda kwenye darasa lake. Danieli, mzee sasa naye, alikuwa amepanga ukumbi mzima kwa viti viwiliviwili vinavyotazamana, kila jozi na kitabu katikati. Mimi niliwekwa na binti yake mdogo, Hanna, mwanafunzi, msichana mwenye adabu zote za Kiswidi. Nilimsomea mahali pangu kwa Kiswahili, nikatafsiri, nikamweleza Sara wangu anayejikanya. Ukumbi mzima ulikuwa unavuma, watu wanakatana maneno, mtu fulani nyuma anapiga meza. Hanna alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. "Hilo ni wazo zuri sana, Wakesho," akasema. "Nadhani uko sahihi."

Niliupiga mkono wangu juu ya meza, vikombe vikaruka.

"Usinikubalie," nikamwambia. "Ukinikubalia, unaniacha peke yangu."